Uzito wa Baiskeli Unatoka Wapi?

Kila nauli ya daladala inapopanda, mazungumzo ya barazani hurudi pale pale: kwa nini watu hawapandi baiskeli kama zamani? Mmoja atasema kwamba baba yake alikwenda nayo kazini mpaka akastaafu. Mwingine atamjibu kwamba zile zilikuwa baiskeli kweli, hizi za siku hizi ni nzito. Wa tatu ataleta joto la Unguja, wa nne atataja vilima vya Pemba, na kabla muuza kahawa hajazungusha vikombe mara ya pili, wote watakuwa wamekubaliana kwamba jambo lenyewe ni jema lakini kwetu haliwezekani.

Mimi ni mwalimu, ninakwenda skuli kwa baiskeli kila siku ya kazi, na mazungumzo hayo nimeyasikia mara nyingi. Kinachonisikitisha ni kwamba neno moja, "nzito", linabebeshwa mambo mengi yasiyofanana. Mwenye tairi lisilo na upepo wa kutosha husema baiskeli ni nzito. Mwenye kiti kilichoshushwa mno husema hivyo hivyo, na anayekwenda Makunduchi, kusini mwa Unguja, akipambana na upepo wa kusi naye husema vivyo hivyo. Kila mmoja anasema kweli kuhusu miguu yake, lakini sababu ni mbalimbali na dawa zake ni mbalimbali, na asiyezitenganisha huishia kuiuza baiskeli ambayo haikuwa na kosa.

Tuanze kwa kuelewana juu ya tunachokizungumzia. Usafiri wa baiskeli wa kila siku si mashindano, wala si mazoezi ya asubuhi. Ni kwenda kazini, skuli, sokoni, msikitini au kumtazama mgonjwa, ukiwa umevaa nguo zako za kawaida, na pengine kurudi na mfuko wa unga na fungu la ndizi. Safari ya namna hiyo haipimwi kwa kasi ya juu kabisa unayoweza kuifikia, bali kwa muda wote unaopita tangu unapofunga mlango wa nyumba yako hadi unapofika unakokwenda, pamoja na muda wa kusubiri kituoni, ambao watu wengi husahau kuuhesabu wanapoisifu daladala.

Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida huenda kilomita 5 hivi kwa saa. Mtu huyo huyo akipanda baiskeli, bila ya kujikaza, huenda kilomita 15 kwa saa. Kwa nusu saa, basi, mmoja amekwenda kilomita 2 na nusu na mwengine kilomita 7 na nusu. Mkaazi wa Amani, Mpendae, Mtoni au Mwanakwerekwe akiiweka nusu saa hiyo mbele yake atafika Darajani, sokoni Mjini, na wa Amani atabakiwa na dakika za kutosha za kufunga baiskeli yake na kujipangusa uso. Kwa upande mwengine, kutoka Mjini hadi Nungwi au Makunduchi ni kiasi cha kilomita 60, na kutoka Chake Chake hadi Wete ni karibu kilomita 30 za kupanda na kushuka. Hizo si safari za baiskeli za kila siku kwa mtu wa kawaida, na sioni haja ya kubishana juu yake. Baiskeli ina mipaka yake kama ngalawa ilivyo na bahari yake. Lakini ukiziandika safari zako zote za wiki moja kwenye karatasi, utaona kwamba nyingi ni za sokoni, dukani, skuli na kwa jamaa, na kwamba chache tu ndizo zinazovuka kilomita 7.

Sasa inakuwaje mwili ule ule, kwa juhudi ile ile, ukaenda mbali mara tatu? Mtazame hamali wa Darajani mwenye polo la mchele. Akilibeba begani, kila hatua lazima ainyanyue miili miwili, wake na wa polo, na akisimama kupumzika bado analibeba. Akiliweka kwenye rukwama, uzito wote unakaa juu ya magurudumu na yeye anabakiwa na kazi ya kusukuma tu. Mtembeaji ni hamali wa mwili wake mwenyewe: kila hatua huunyanyua kidogo kisha akauacha ushuke. Baiskeli ni rukwama ambayo mzigo wake ni wewe. Unakaa, magurudumu yanakubeba, na ukiacha kukanyaga chombo hakisimami papo hapo, bali kinaendelea kuteleza.

Faida hiyo haikuja kwa siku moja. Mjerumani Karl Drais alionyesha chombo chake cha magurudumu mawili mwaka 1817, cha mbao, kisicho na pedeli, ambacho mtu alikisukuma kwa kukanyaga chini. Mwaka 1885 John Kemp Starley, katika mji wa Coventry huko Uingereza, alitoa baiskeli yenye magurudumu yanayokaribia kulingana na nyororo inayozungusha gurudumu la nyuma, na umbo hilo ndilo tunalolipanda hadi leo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop aliyekuwa akiishi Belfast alipata hati ya haki ya uvumbuzi wa tairi la kujazwa upepo. Kabla ya hapo magurudumu yalikuwa ya chuma au mpira mgumu, na aliyepanda alitikiswa mpaka meno. Ninaitaja historia hii kwa sababu ya jambo moja tu: upepo ndani ya mpira ndio ulioifanya baiskeli kuwa chombo cha watu wote, na upepo huo huo ndio tunaoupuuza kuliko kitu chochote.

Nenda ufukweni maji yanapokupwa. Tembea kwanza kwenye mchanga mkavu ulio juu, karibu na minazi, kisha shuka kwenye mchanga mgumu ulioachwa na maji. Miguu ni ile ile, lakini juu umechoka kwa hatua hamsini na chini ungeweza kwenda mpaka kijiji cha pili. Mchanga mkavu unakula nguvu zako kwa kubonyea kila unapoukanyaga. Tairi lenye upepo mchache hufanya hivyo hivyo, ila kinachobonyea si njia bali ni lenyewe: pale linapogusa chini mpira unakunjwa, ukipita unakunjuka, na kukunjwa huko hurudiwa kila mzunguko, njia nzima. Nguvu inayopotea hugeuka joto ndani ya mpira, na miguu yako ndiyo inayoilipia.

Watu wengi hulipima tairi kwa kulibonyeza na kidole gumba, na likionekana limejaa huridhika. Kidole ni kipimo cha dharura tu, kwa sababu mpira mnene huonekana mgumu hata ukiwa nusu tupu. Kipimo cha kweli kimeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, kwa herufi zilizochomoza zenye neno PSI, yaani paundi kwa kila inchi mraba. Tairi nyingi pana za inchi 26 huandikwa baina ya 40 na 65. Mafundi wengi wenye pampu ya mashine wana saa ya kupimia, na mwenye kuomba apimiwe hakataliwi. Jambo jingine la kujua ni kwamba upepo hupenya kidogo kidogo kwenye mpira hata pasipo na pancha. Baiskeli iliyosimama ukumbini wiki tatu itakuwa imelegea bila ya kosa la mtu yeyote. Mara moja kwa wiki inatosha kujaza, na kwangu mimi ni Alkhamisi baada ya laasiri.

Isidhaniwe kwamba mimi nasema tairi liwe gumu kama jiwe. Kwenye lami laini ugumu husaidia, lakini kwenye njia za shamba zenye mawe ya matumbawe yaliyochomoza, tairi lililojazwa kupita kiasi hudundadunda, na kila dundo linamnyanyua mpandaji badala ya kumpeleka mbele. Huko punguza kidogo. Kuhusu tairi zenye meno makubwa, ambazo vijana wengi huzipenda kwa sababu zinaonekana zenye nguvu, zimetengenezwa kwa ajili ya matope na udongo uliolegea. Kwenye lami meno yale hupindapinda chini ya uzito, hunguruma, na hupunguza mwendo. Mwenye kwenda Mjini na kurudi kwa njia ya lami atapata nafuu kubwa kwa tairi zenye mistari myembamba.

Baada ya tairi, kiti. Hapa nina ushahidi wa mwili wangu.

Kwa miezi mingi nilikuwa nikiumwa na goti la kulia, na nilikwisha kuamini kwamba umri umefika. Siku moja nilipeleka baiskeli kwa fundi mmoja mzee, anayefanya kazi chini ya mwembe, ili anizibie pancha. Alipomaliza alinitaka niipande nizunguke mbele yake. Nilizunguka mara moja tu.

"Maalim," akaniambia, "wewe huendeshi baiskeli. Unachutama juu yake."

Alichukua spana, akalegeza nati iliyo chini ya kiti, akaupandisha mti wake kiasi cha vidole vinne, akakaza. Kisha akaishika baiskeli isimame wima, akaniambia nikae na niweke kisigino, si wayo wa mbele, kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu ulinyooka. "Hapo ndipo pako," akasema. Nilipoweka wayo wa mbele kama mtu anavyoendesha, goti lilibakia na mpindo mdogo tu. Hakunitoza chochote zaidi ya pancha. Njia ya kurudi nyumbani, ambayo nilikuwa nimeizoea kwa miaka, ilinipita kama niliyosukumwa mgongoni, na goti lilinyamaza baada ya wiki mbili.

Sababu yake yeyote aliyekuna nazi anaifahamu. Kuinuka kutoka kwenye mbuzi, magoti yakiwa yamefika kifuani, ni kazi. Kuinuka kutoka kwenye kiti kirefu ni wepesi. Misuli ya paja ina nguvu nyingi mguu unapokaribia kunyooka na nguvu kidogo unapokuwa umekunjika sana. Anayeendesha kiti kikiwa chini anainuka kutoka kwenye mbuzi kila mzunguko wa pedeli, na mizunguko hiyo kwa safari ya nusu saa inafika alfu mbili. Watu hushusha kiti kwa sababu wanataka nyayo zote mbili ziguse chini wakisimama. Hofu hiyo ninaielewa, lakini dawa yake ni kujifunza kushuka mbele ya kiti unaposimama, mguu mmoja chini na mwengine kwenye pedeli, kama wazee wetu walivyokuwa wakifanya. La kuangalia ni kwamba mti wa kiti una alama ya mwisho wa kuupandisha, na alama hiyo haipaswi kuonekana nje.

Hapa ndipo tunapoweza kulijibu lile neno la barazani kwamba baiskeli za zamani zilikuwa nyepesi. Kwenye mizani si kweli. Baiskeli kubwa za chuma za aina ya Raleigh na Phoenix, zenye breki za vyuma na kerieri nzito nyuma, zina karibu kilo 20, na nyingi za siku hizi ziko chini ya hapo. Lakini zile zilikuwa na magurudumu ya inchi 28, ambayo hupita juu ya mashimo madogo bila ya kutumbukia sana, tairi za lami, nyororo iliyofunikwa isiingie mchanga, na kiti kilichowekwa kwa kimo cha mwenyewe, kwa kuwa kila baiskeli ilikuwa na mwenyewe mmoja na fundi mmoja. Kijana wa leo ananunua baiskeli ya mtumba yenye tairi za meno, iliyorekebishwa kwa kimo cha mtu mwengine, upepo nusu, kisha anaambiwa kwamba babu yake alikuwa na nguvu zaidi. Zaidi ya hayo, tofauti ya kilo 8 baina ya baiskeli mbili si kubwa kama inavyosikika, kwa sababu mzigo mkubwa ni mtu. Mtu wa kilo 65 juu ya baiskeli ya kilo 12 ni kilo 77, na juu ya ile ya kilo 20 ni kilo 85. Kwenye njia tambarare, ukishashika mwendo, tofauti hiyo huihisi kwa shida.

Nyororo ina hadithi fupi. Ikiwa safi na yenye mafuta membamba hula nguvu kidogo sana. Ikikauka na kushika kutu, hulia na kukwaruza. Sisi tunaishi na hewa ya chumvi, kwa hiyo kutu hutuwahi. Wengi hupaka mafuta ya nazi au ya kupikia kwa kuwa yako jikoni, na siku ya kwanza mambo huwa mazuri, lakini mafuta hayo huganda yakawa kama ulimbo, yakashika vumbi, na vumbi likasaga chuma. Mafuta machafu yaliyotolewa kwenye injini nayo yana chembe za chuma ndani yake. Tumia mafuta ya cherehani au mafuta mapya ya mashine, matone machache, kisha futa kwa kitambaa mpaka nyororo ionekane kavu kwa nje. Aliyepita ufukweni aioshe baiskeli kwa maji ya mfereji kabla hajalala.

Gia ndizo zenye mkanganyiko mkubwa kuliko yote. Inaaminiwa kwamba gia huongeza nguvu, na kwamba baiskeli ya gia 21 ni bora mara 21 kuliko isiyo nazo. Gia haiongezi nguvu hata chembe. Inachofanya ni kukupa hiari ya namna ya kuigawa nguvu uliyo nayo. Chukulia una nazi 40 za kutoa kondeni mpaka barabarani. Unaweza kuzibeba zote kwa mkupuo mmoja, ukafika haraka ukiwa hoi, au kubeba kumi kumi kwa safari nne, kila safari ikiwa nyepesi. Nazi hazikupungua, ulichobadilisha ni ukubwa wa kila mzigo na idadi ya safari.

Kwenye baiskeli hesabu yake ni ya meno. Gurudumu la meno lililo kwenye pedeli likiwa na meno 44, na la nyuma likiwa na meno 22, mzunguko mmoja wa pedeli huzungusha gurudumu la nyuma mara mbili. Gurudumu la inchi 26 likizunguka mara moja huenda kiasi cha mita 2, kwa hiyo kila mzunguko wa miguu ni mita 4. Ukiihamishia nyororo kwenye meno 11 nyuma, mzunguko mmoja wa miguu unakupeleka mita 8, lakini pedeli inakuwa ngumu maradufu. Hiyo ya pili ni gia ya kuteremka au ya kusukumwa na upepo. Ya kwanza ni ya kuondokea na ya mwinuko mdogo. Namba 21 yenyewe hupatikana kwa kuzidisha magurudumu ya meno, matatu ya mbele kwa saba ya nyuma, na nyingi kati ya hizo zinakaribiana au zinarudiana. Anayekwenda kutoka Kikwajuni hadi Malindi anatoshwa na gia moja. Anayeishi Pemba anahitaji moja iliyo nyepesi kweli kweli kwa ajili ya vilima, na hizo nyengine ni ziada.

Kosa ninaloliona kila siku ni la mtu kuchagua gia ngumu na kukanyaga polepole kwa uzito, akidhani kwamba akizungusha miguu mara chache atachoka kidogo. Anayeumia hapo ni goti. Afadhali kuzungusha kwa wepesi, mara 60 hadi 80 kwa dakika, na kushusha gia kabla ya kilima hakijaanza, wakati nyororo bado haijavutwa sana. Anayengoja mpaka katikati ya mwinuko ndiye anayesikia lile kwaruzo na nyororo ikimtoka.

Kilima hakidanganywi na gia wala na fundi. Kuupandisha mwili mita 20 juu ni kazi ile ile, iwe kwa ngazi au kwa baiskeli, na mita 20 ni kama kupanda ngazi za ghorofa sita au saba, tuseme kwenye jumba mojawapo la Michenzani. Visiwa vyetu havina mlima wa kuogopwa. Tabu ya Pemba ni wingi: unateremka bonde la mpunga, unapanda, unateremka tena, na jumla ya vijilima kumi ni jengo refu kuliko lolote tulilo nalo. Kushuka na kuikokota baiskeli pale panapozidi si kushindwa. Umepoteza dakika tatu, na umehifadhi miguu ya kilima kinachofuata.

Upepo wa angani unafanana na kilima kisichoonekana, na una kanuni yake: kasi ya hewa inayokupiga ikizidi mara mbili, kizuizi chake huzidi mara nne. Ukienda kilomita 15 kwa saa siku ya shwari, hewa inakupiga kwa kasi hiyo. Kukiwa na upepo wa kasi hiyo hiyo unaokukabili, unapigwa kwa 30, na kizuizi kimekuwa mara nne. Ndiyo maana njia ile ile ya kuelekea kusini ni tamu wakati wa kaskazi, baina ya Disemba na Machi, na chungu wakati wa kusi. Wavuvi wetu hawaendi baharini bila ya kuuliza upepo, na mpanda baiskeli hana sababu ya kuona haya kuuliza. Siku za kusi ninaondoka dakika kumi mapema, ninashusha gia na ninainama kidogo. Asubuhi na mapema upepo mara nyingi huwa haujapata nguvu.

Mzigo wa kuchukuliwa una adabu zake, na walimu wake ni wale wachuuzi wa samaki na wakata majani ya ng'ombe ambao tunawapita kila siku bila ya kuwatazama. Tazama mtita wa majani ulivyofungwa: umelazwa chini ukiegemea pande zote mbili za gurudumu la nyuma, haukusimamishwa juu ya kerieri. Mzigo wa chini hauyumbishi. Polo la kilo 25 likilazwa na kukazwa kwa mpira wa kamba haliogofyi, lakini mfuko wa kilo 5 unaoning'inia kwenye usukani unaweza kuingia kwenye spoku za mbele na kukuangusha kifudifudi.

Nilisema kwamba watu hutaja joto, na jasho kweli lipo. Misuli ya binadamu hugeuza robo moja tu ya nguvu inazotumia kuwa mwendo, na robo tatu zilizobaki hutoka kama joto. Ukiwa unakwenda, upepo wa mwendo wako hukausha jasho, na ndiyo maana mtu hujiona mkavu njiani kisha akalowa chepe dakika mbili baada ya kusimama mlangoni mwa ofisi. Dawa ni kupunguza mwendo sehemu ya mwisho ya safari, nusu kilomita hivi, ukanyage kivivu ili mwili upoe ungali kwenye upepo. Mkoba uweke kwenye kerieri, usiuvae mgongoni. Mimi hubeba shati la pili na kitambaa, na sijawahi kuingia darasani nikinuka.

Kuhusu hatari sitaki kupita haraka, kwa sababu uongo mmoja unaua. Wapo wanaowafundisha watoto kuendesha upande wa kulia ili wayaone magari yanayokuja. Huo ni ushauri wa mtembea kwa miguu, si wa mpanda baiskeli. Piga hesabu: gari linakwenda kilomita 50 kwa saa na baiskeli 15. Zikielekea upande mmoja, gari linakukaribia kwa kasi ya 35, na dereva ana nafasi ya kukuona na kukukwepa. Mkielekeana, kasi hizo zinajumlishwa zikawa 65. Tena dereva anayetoka njia ndogo hutazama kule magari yanakotokea, naye hatarajii chombo kitakachomjia kutoka upande usio wake. Endesha kushoto, hatua moja kutoka ukingoni mwa lami, usijibanze kwenye mchanga unaoteleza. Usiku weka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, hata ndogo ya betri, kwani dinamo huzimika pale pale unaposimama. Kofia ngumu ni ya kichwa chako na cha mtoto wako. Mvua za masika zikinyesha, breki zinazobana ringi ya chuma hupoteza nguvu nyingi, kwa hiyo zibane kidogo kidogo mapema ili zikaushe ringi kabla hujazihitaji. Tena tumia breki zote mbili pamoja. Ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, kwa kuwa uzito huelemea mbele unapopunguza mwendo, na humtupa tu yule anayeikamata ghafla kwa nguvu zote.

Kuna uzito mwengine ambao hauko kwenye tairi, nao ni wa macho ya watu. Mwanamme mwenye cheo akionekana juu ya baiskeli huulizwa kama gari limeharibika, na msichana akionekana juu yake husemwa kwa minong'ono. Niseme wazi kama mwalimu na kama baba: kukanyaga pedeli hakumuondolei msichana chochote katika heshima yake wala uwezo wake wa kuzaa, na mwendo wake wa miguu haupishani sana na wa kupanda ngazi. Ganzi ambayo wanaume huihisi hutokana na kiti chembamba au kilichoinuliwa pua, kinachobana mishipa. Kishushe pua, au badilisha kiti, na mwenye maradhi yake amuone daktari. Kuhusu stara, baiskeli nyingi za mitumba kutoka Japani zina fremu iliyoinama katikati, kifuniko kamili cha nyororo na kikapu mbele, kwa hivyo buibui au kanzu hupita salama ikikunjwa vizuri upande wa nyuma. Huko zinakotoka, akina mama ndio wanaozitumia zaidi, kwa kupeleka watoto na kwenda sokoni.

Siku hizi baraza limepata swali jipya, la baiskeli za umeme. Zipo za namna mbili. Ya kwanza husaidia pale tu unapokanyaga, na ya pili huenda kwa kuzungusha mkono kama pikipiki, nayo kwa hakika ni pikipiki ndogo. Ukubwa wa betri hupatikana kwa kuzidisha namba mbili zilizoandikwa juu yake: volti 36 na saa-ampea 10 ni wati-saa 360. Yuniti moja ya umeme unayoinunua kwa ajili ya nyumba ni wati-saa 1,000, kwa hiyo kuijaza betri hiyo hakufiki nusu yuniti, na kwa mtu anayekanyaga itampeleka kiasi cha kilomita 30. Haijijazi yenyewe njiani, isipokuwa aina chache mno zinazorudisha kidogo kwenye mteremko.

Jirani yangu mmoja aliinunua ya namna ya kwanza, akaja kulalamika kwamba betri ni mbovu, kwa kuwa inamuishia kabla hajafika Fuoni kwenye safari ya pili ya siku. Tuliitoa uani. Kiti kilikuwa chini kabisa, naye ni mtu mrefu. Tairi la nyuma nilipolibonyeza, kidole kilizama. Tulijaza upepo kwa kiasi kilichoandikwa ubavuni, tukapandisha kiti vidole vitatu, na betri ile ile sasa inampeleka safari zote mbili na kumrudisha.